Injini Haionekani kwenye Skrini

Wiki iliyopita niliwaacha ndani ya duka la magari. Baba amevua kofia, amenisogezea fomu ya oda, na amesema, "Soma, mama."

Leo nasema nilichosoma.

Kwa anayeanza kunifuata leo: nilimaliza chuo kikuu, na huu ni mwaka wa pili sina kazi. Baba ni dereva mstaafu. Ameendesha magari ya watu kwa miaka thelathini na moja, na kiinua mgongo chake alitaka kukigeuza gari moja jipya la viti saba, la kuwapeleka wagonjwa wa figo kwenye hospitali iliyoko juu ya mlima. Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Na tangu nikiwa darasa la tatu, kila karatasi inayoingia nyumbani kwetu naisoma mimi kwa sauti. Yeye anasikiliza, kisha anasaini.

Wako walioniandikia kwamba nina moyo mzuri na mkosi mbaya. Mkosi ninao. Hilo la moyo, fikeni mwisho wa safu hii ndipo mseme.

Turudi nusu saa kabla ya ile "soma, mama".

Baba alikuwa na maagizo matatu, na alikuwa ameyarudia njia nzima. "Injini yenye turbo. Rangi ya vumbi. Basi."

"Kwa nini rangi ya vumbi, baba?"

"Ili vumbi likija, wasalimiane."

Turbo nilijua ni nini kwa sababu yake yeye. Ni kile kifaa kinachoipulizia injini hewa ya ziada, ili gari lililojaa watu lipande mlima bila kuhema. Hilo kwake halikuwa la kujadiliwa. "Gari la wagonjwa halipandi mlima kwa maombi," alisema.

Kisha akatoka nje kuzungumza na mlinzi, maana baba hawezi kumpita mlinzi bila kumjulia hali. Nikabaki na muuzaji.

Muuzaji tulisoma darasa moja chuoni. Tulimwita Kiranja, kwa sababu alikuwa kiongozi wa darasa na aliwahi kumripoti hata aliyekuwa anakaa naye chumba kimoja. Alinigeuzia skrini.

"Hili ndilo gari la mzee."

Lilikuwa la kijivu, rimu ndogo, halina hili wala lile. Lilifanana na kabati la kuhifadhia mafaili.

"Sasa tazama," alisema, akagusa kioo.

Gari likawa jekundu, wekundu wa komamanga lililopasuliwa. Akagusa tena, paa likawa jeusi. Akagusa tena, rimu zikakua, zikang'aa. Akagusa mara ya mwisho, na katikati ya paa kikatokea kioo kikubwa cha kutazamia anga.

"Hivyo vyote kwa pamoja vinaitwa kifurushi cha muonekano."

"Bei inapanda?"

"Inapanda. Labda ushushe injini. Ukichukua isiyo na turbo, kifurushi kinaingia chote na bei inabaki ileile."

"Ukitazama kuna tofauti gani?"

"Ukitazama, hakuna. Injini haionekani kwenye skrini."

Nililigeuza gari lile kwa kidole. Mbele, ubavu, nyuma. Mbele tena.

"Mzee amesema turbo," Kiranja alinikumbusha.

"Mzee hajui kujipenda," nilimjibu. "Mtu amefuta vumbi magari ya wenzake miaka thelathini na moja. Acha na yeye aonekane."

Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa, na masikioni ilisikika vizuri. Lakini mficha uchi hazai. Sababu ya kweli ni kwamba wenzangu wa chuo walikuwa wamepanga kukutana kwa chakula cha mchana baada ya miezi mitatu. Wote wana kazi, na nilitaka kushuka kutoka kwenye gari lile mbele ya macho yao.

Kiranja akachapa fomu. Baba akaingia, akaketi, akavua kofia.

"Soma, mama."

Nikasoma. "Injini, lita moja na nusu, yenye turbo. Rangi, kijivu cha vumbi."

Kwenye karatasi palikuwa na neno "bila". Niliruka juu yake kama mtu anayeruka dimbwi, wala sauti haikutetemeka. Kiranja alikuwa ameinamia droo yake akitafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Baba alinitazama mpaka nilipomaliza, kama anavyofanya siku zote. Kisha akasaini, ile saini yake yenye mkia mrefu.

Tulipoinuka Kiranja alisema, akiitazama meza, "Oda inaweza kubadilishwa ndani ya siku saba. Baada ya hapo kiwanda kinaanza kazi."

Siku saba. Kila asubuhi niliamka nikisema leo nitakwenda. Siku ya saba nilifua mapazia ya nyumba nzima, ambayo hayakuwa machafu.

*

Gari lilifika baada ya wiki kumi na mbili. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimemwandaa baba kwa uongo wa pili.

"Baba, wamesema kijivu kiliisha kiwandani. Wametupa jekundu."

"Kiliisha?" alisema. "Basi dunia bado ina watu wenye akili."

Mama alipoliona alishika kiuno. "Hili tutalificha wapi? Hata aliyelala atajua tumepita."

Baba alilizunguka mara mbili. Akafungua boneti, akatazama ndani kwa muda, akaifunga polepole kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto mchanga.

"Zuri," alisema.

Nilimshukuru Mungu kwamba hakuona.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba anipeleke kwenye kile chakula cha mchana. Nilikuwa nimepanga kushuka haraka, nisimame kando ya gari kidogo, watu wanione. Lakini mkono wa baba una mazoea yake. Alizima gari, akazunguka mbele, akanifungulia mlango, akasimama wima pembeni, kofia mkononi.

Mwenzangu mmoja, tuliyemwita Wakili ingawa alisomea takwimu, alikuja ameshika simu tayari kupiga picha.

"Kumbe ukata wenyewe ndio huu? Gari kama hili, na dereva juu?"

Nilicheka.

Hilo tu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilicheka, na kicheko kikamjibu.

Baba alikuwa hatua mbili kutoka pale. Alifunga mlango bila kuubamiza, akaniuliza, "Nikufuate saa ngapi?"

"Saa tisa," nikasema.

Mnaona? Hata hapo nilimpa saa, kama anayempa dereva saa. Uso umeumbwa na haya, lakini wangu siku hiyo sijui niliuacha wapi.

*

Jumatatu ilikuwa siku ya majaribio. Hospitali haimpi mtu kazi ya kubeba wagonjwa kwa maneno. Gari lazima lipande mlima likiwa limejaa, kiyoyozi kimewashwa, bila kusimama njiani. Mgonjwa wa figo anayekwenda kusafishwa damu akichemka njiani, anafika amekwisha kabla ya kuiona mashine.

Alfajiri nilimkuta baba anatoa vitu ndani ya gari. Tairi la akiba, jeki, mazulia ya miguuni, hata kile kitabu kinene cha maelezo.

"Unahama, baba?"

"Napunguza."

Mama alimletea chai, akaikataa. "Leo sinywi. Gari liwe jepesi."

"Kikombe cha chai kina uzito gani?"

"Mlimani kila kitu kina uzito."

Mimi na mama tulicheka, tukidhani ni utani wa madereva.

Mbele aliketi msimamizi wa usafiri wa hospitali, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba na faili mapajani. Nyuma tulikuwa watano: mimi na orodha ya abiria, na wagonjwa wanne. Wawili walikuwa kimya tangu mwanzo. Wa tatu ni mwalimu mstaafu, mama mwembamba aliyejifunga shali. Wa nne ni mzee wanayemwita Redio, kwa kuwa huongea bila kuulizwa.

Redio aliinua uso kwenye paa. "Kioo hiki cha nini? Ili Mungu asitupoteze?"

"Ili mlione anga, mzee."

"Anga nitalifikia, mwanangu. Sina haraka nalo."

Wote wakacheka, hata msimamizi. Baba hakucheka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, mgongo hauugusi kiti.

Kona ya kwanza tulipita vizuri. Ya pili injini ilianza kulalamika. Ya tatu sauti ikawa nyembamba, kama ya mwimbaji aliyeanza wimbo juu kuliko koo lake. Baba akashusha gia. Akashusha tena. Lori la taka likatupita, na dereva wake akatupigia honi moja fupi ya pole.

"Kiyoyozi kisizimwe," msimamizi alisema.

"Hakijazimwa, mama."

Jasho lilikuwa linamtoka baba nyuma ya sikio, ndani ya kiyoyozi hichohicho. Kisha gari likasimama. Akavuta breki ya mkono, na halikurudi nyuma hata shubiri.

"Lina nini, mzee?"

"Limechoka."

"Lina siku tisa," msimamizi alisema, akaandika kitu kwenye faili.

Baba alishuka, akafungua mlango wa nyuma. Aliwaomba wagonjwa kwa adabu niliyoshindwa kuitazama. "Naomba mnisaidie. Mtembee mpaka kona ile tu. Likiwa jepesi litafika."

"Nimepanda gari lililoota mapambo likasahau mapafu," Redio alisema, akitafuta fimbo yake. "Haya. Tulisindikize."

Rimu ziling'aa juani. Wekundu ule niliouzungusha kwa kidole ulikuwa unaonekana kona zote za mlima, na kila gari lililopita lilipunguza mwendo kutazama.

Mwalimu alitembea hatua kumi na mbili. Nilizihesabu. Ya kumi na tatu akakaa kwenye ukingo wa mfereji. Nikakaa naye, nikamshika mkono, nikastuka: chini ya ngozi, mshipa wake ulikuwa unatetemeka kama simu iliyozimwa sauti.

"Usiogope," alisema. "Waliushona hivyo. Ndio mlango wa mashine."

Alipumzika. Halafu akasema, "Baba yako ni dereva hasa. Gari ndilo halijiwezi. Nani alilichagua?"

Neno "mimi" lilinifika kooni. Nililisikia likigonga meno.

"Duka," nikasema.

Tulifika juu tumechelewa zaidi ya nusu saa. Zamu ya mwalimu ilikuwa imepita, mashine yake imepewa mtu mwingine. Akaambiwa asubiri mpaka jioni. Aliitikia tu kwa kichwa, akajifunga shali upya, akaketi kwenye benchi.

Msimamizi alimfungulia baba faili. "Kwenye maombi mliandika injini yenye turbo."

Maombi yale niliyaandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Baba alivua kofia.

"Ulidanganywa dukani?"

"Gari halijatosha, mama. Hilo ndilo naweza kukwambia."

Msimamizi alivua miwani. "Mkono wako nimeupenda, sikufichi. Nakupa mpaka Ijumaa. Uje na gari lenye turbo, au kazi nampa mwingine."

*

Mama ndiye aliyetusukuma kwenda dukani. Baba alikuwa anazungukazunguka: kesho, kesho kutwa. Alhamisi mama alimpa kofia mkononi. "Aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia anarudi na gunia. Nenda."

Njiani baba hakuwasha hata redio ya gari. Mimi nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na sentensi nzuri sana ya kwanza. Tulipofika mlangoni ilikuwa imeyeyuka.

Meneja wa duka alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Kiranja.

"Oda hii uliiingiza wewe?"

"Mimi, bosi."

"Mteja anasema sicho alichotaka. Kama uliingiza sivyo, ofisi ya wafanyakazi ni mlango wa pili. Unaijua."

Kiranja alinitazama mara moja tu. Mimi nikatazama viatu vyangu. Hivyo ndivyo nilivyomwacha mtu asimame kwenye lawama yangu, akiwa amevaa beji yenye picha yake akitabasamu.

Faili likaletwa. Meneja akaisogeza fomu kwa baba. Kwa mazoea nikanyoosha mkono niichukue nimsomee.

Baba akaweka kiganja juu yake.

Alitoa miwani mfukoni. Akasoma. Polepole, lakini bila kujikwaa, na bila kufuatisha maneno kwa kidole. "Injini, lita moja na nusu, bila turbo. Rangi, nyekundu ya komamanga, paa jeusi. Kifurushi cha muonekano, ndiyo."

Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia baba akisoma.

"Kijana hana kosa," alisema, akaivua miwani. "Nilijua nilichosaini."

Meneja aliegemea mbele. "Mzee, fikiri kwanza. Kama hukujua, sheria yetu inaruhusu kulirudisha gari ndani ya siku kumi na nne. Hapo nyuma ninalo moja la kijivu, lenye turbo, unaondoka nalo leo. Ila kwenye fomu ya malalamiko lazima niandike nani alikudanganya, na jina hilo linakwenda kwa mwanasheria wa kampuni. Kama ulijua, gari ni lako na shida zake ni zako."

"Nilijua."

Nilisimama. "Naomba dakika moja na baba yangu."

Kwenye ujia palikuwa na mashine ya maji na picha kubwa ya familia inayocheka ndani ya gari.

"Baba, unajua kusoma?"

"Miaka thelathini na moja napeleka watu na mizigo. Ulidhani vibao nilikuwa nanusa?"

"Basi kwa nini mimi ndiye..."

"Ulipokuwa darasa la tatu ulinisomea karatasi ya kukatiwa maji kama unasoma taarifa ya habari. Ukaweka na mikono mezani. Nikapenda. Nikaendelea kukupa."

Hapo nikamwambia yote. Skrini, komamanga, neno nililoliruka, kijivu kilichoisha kiwandani, kile kicheko. Niliongea haraka nikihofia nitaishiwa na ujasiri. Alinisikiliza kama siku zote, macho kwenye mdomo wangu.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Basi neno hili libaki hapa ukutani."

"Haliwezi kubaki. Kesho ni Ijumaa. Gari la kijivu liko hapo nyuma. Nikisema ukweli, unalipata leo, na mwalimu hatembei tena mlimani."

"Na jina lako linakwenda kwa mwanasheria. Mwaka huu umeomba kazi ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Ya arobaini na nne watakuuliza kama umewahi kushtakiwa kwa udanganyifu."

"Nitajibu, baba. Nimekosa, nitajibu."

"Wewe utajibu." Alikuwa anaizungusha kofia. "Mimi nitakuwa mzee aliyetapeliwa na binti aliyemsomesha mwenyewe. Watu wakinitazama, hilo nitalijibu vipi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimeutengeneza ukweli wangu kama nilivyolitengeneza lile gari, na ndani yake nilikuwa nimeketi peke yangu.

Tukarudi ndani. Meneja alikuwa tayari na kalamu.

"Nafunga faili. Niandike alijua, au hakujua?"

"Alijua," baba alisema.

"Hakujua," nikasema.

Tulisema kwa pamoja.

"Mimi ndiye niliyemsomea uongo," niliendelea, kabla baba hajanizuia. "Karatasi ilisema bila, mimi nikasema yenye. Muuzaji alinikumbusha, nikakataa. Andika jina langu."

Watu husema ukisema ukweli unajisikia mwepesi. Mimi nilisikia masikio tu yakiwaka.

Meneja aliweka kalamu chini. "Mmoja wenu ananidanganya, na simjui ni yupi." Akamgeukia Kiranja. "Wewe ulikuwepo. Mzee alijua?"

Kiranja aligusa beji yake.

"Alijua, bosi."

"Kiranja," nilisema, "ulinisikia nikisoma. Ulikuwa umeketi hapohapo."

"Nilikusikia ulichosoma. Ndiyo maana sikulala siku ile." Hakuwa ananitazama kwa hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Lakini mzee alinipigia simu. Siku ya tatu. Oda ilikuwa bado inaweza kubadilishwa."

"Kijana," baba alisema, "tulikubaliana."

"Nisamehe, mzee. Na mimi nina mama nyumbani anayekula kwa kazi hii." Kisha akaniambia mimi, kama hakuna mwingine chumbani, "Aliniuliza kama umerudi kubadilisha. Nikamwambia bado. Nikamwambia, mzee, nibadilishe mimi sasa hivi? Akasema hapana, usiiguse, binti atakuja mwenyewe. Siku ya nne akapiga. Ya tano akapiga. Ya sita. Siku ya saba alipiga mara mbili."

Siku ya saba, mimi nafua mapazia. Nilimkumbuka baba akiingia na kutoka uani, simu mkononi, nikidhani anatafuta mtandao.

Nilitaka kukaa, nikagundua nimeshakaa.

"Mara ya pili alisema nini?" meneja aliuliza.

Baba aliinuka. Mkono aliouweka mezani ndio ule ambao mlimani haukuliacha gari lirudi nyuma, na sasa ulikuwa umeifunika fomu.

"Hilo usilitamke," alimwambia Kiranja. Halafu, bila kunigeukia, "Na wewe toka nje kidogo."

Sikutoka. Alichosema Kiranja, tukutane wiki ijayo.